Weka Kinyume

Kiwanda cha vigae
3 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Hujambo? Mwambie Mama shikamoo, na umwambie nimeiandika nimesimama, asije akasema siku hizi namwamkia nimekaa kama bosi.

Dereva wa lori la sukari akishamaliza kukushushia magunia, mwambie akupe na kisanduku cheusi nilichokiviringa ndani ya fulana yangu. Fulana nirudishie. Kisanduku ni chenu. Ni kidhibiti joto; huku walikuwa wanakitupa kwa sababu kioo kina mkwaruzo, mimi nikakipima nikakuta ni kizima kabisa.

Najua utauliza cha nini, wakati sufuria ya Mama tayari ina swichi yake. Ile swichi ni ya washa-zima, Kitinda. Joto likishuka chini ya lengo inawasha hita zote kwa nguvu zote. Likivuka lengo inazima zote. Basi, haijui kitu kingine. Na hita hata ikizimwa bado ina moto tumboni, ndiyo maana sukari inapaa mpaka inaanza kuungua pembeni, halafu inashuka mpaka inanata. Anayeziba pengo hilo ni Mama, amesimama juu ya ngazi yake na mwiko mkononi, ndani ya mvuke, tangu sisi hatujaota meno. Watu wanasifu peremende za kiwanda chetu kana kwamba kuna kiwanda. Kuna Mama.

Kisanduku hiki kina akili tatu, ila kwa kuanzia nimekiachia moja tu, inaitwa uwiano. Sukari ikiwa mbali na lengo, kinatoa nguvu nyingi. Ikikaribia, kinapunguza kidogo kidogo badala ya kukata ghafla. Lengo nimeliweka digrii 148, lile lile la Mama. Waya funga kama nilivyochora nyuma ya karatasi hii, na uzime umeme kwanza, maana nakujua.

Ningekupigia simu lakini huku mtandao haufiki, na tanuri nililoajiriwa kulisimamia haliachwi peke yake mpaka wenyewe walipokee rasmi. Umesomea umeme mwaka mzima. Ukiogopa waya nne nitakucheka mpaka usikie huko.

Dada yako,
Kifungua


Nyumbani, chumba cha sufuria
11 Machi

Dada Kifungua,

Shikamoo. Waya nne nimezifunga, sijafa, hata nywele hazijasimama. Naomba hilo liandikwe mahali.

Kisanduku chako kina adabu, sikatai. Kilianza kwa nguvu, kikafika 130 kikaanza kujizuia, nikasema haya, leo tumepata mtu mzima ndani ya nyumba. Kisha kikafika 144 kikatulia. Kikatulia kabisa! Nilikisubiri, nikakibembeleza, nikakipiga kofi dogo la mapenzi, kikabaki 144 kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni anakataa kuingia ndani. Peremende zikatoka laini, zikanata kwenye karatasi. Akina dada wa kufunga walinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

Sasa nina wazo. Nikiongopa nikakiambia lengo ni 152, si kitapungukiwa zile nne zake na kufika 148 yangu? Nijibu upesi.

Mama alikuja kutazama. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema, "Sikilizeni nyinyi wawili, Kifungua na Kitinda, niliwazaa wa kwanza na wa mwisho bila wa katikati, ndiyo maana hakuna wa kuwashauri. Siku hicho kisanduku kitakaponipikia peremende, niionje, nishindwe kusema si yangu, siku hiyo nitakaa kitini. Kabla ya hapo nisisikie habari ya kiti." Mbele ya wafanyakazi wote, dada. Neno la Mama unalijua, likishatoka halirudi ndani.

Usiwe na wasiwasi lakini. Mama sasa amepoa.

Mdogo wako,
Kitinda


Kiwanda cha vigae
16 Machi

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama mstari wa mwisho. Mama amepoa nini?

Mtu anapoa hasira au anapoa ugonjwa. Hasira ya Mama mimi na wewe tumeishi nayo, haijawahi kupoa kabla mwezi haujaandama. Kwa hiyo ni ile nyingine. Na habari ya kiti imetoka wapi? Nani alimwambia Mama akae? Mimi kwenye barua yangu sikutaja kiti. Niambie yote, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuhusu kisanduku, usithubutu kukidanganya lengo. Leo kinapungukiwa nne kwa sababu leo chumba kina joto na sufuria imejaa. Siku ya baridi kitapungukiwa saba, siku ya sufuria nusu kitapungukiwa mbili, na wewe utakuwa unabadilisha uongo kila asubuhi. Uwiano peke yake ndivyo ulivyo. Unatoa nguvu kulingana na pengo, basi pengo likiwa dogo nguvu nayo inakuwa ndogo, mpaka inatosha tu kushikilia pale ilipo na si kupanda. Hakijakataa kuingia ndani, kimeishiwa sababu ya kuinuka.

Dawa yake ni akili ya pili. Vitabu vina jina lake refu, mimi naiita Kinyongo. Kinyongo hakitazami pengo la sasa tu, kinajumlisha mapengo yote tangu mwanzo. "Nilikudai digrii nne, bado. Nakudai tena, bado." Kinaweka moyoni, kinaongeza nguvu taratibu, na hakisamehe mpaka lengo lifikiwe kamili. Unamjua mtu wa hivyo? Amekuzaa.

Namba za Kinyongo nitakutumia. Kwanza nijibu la kupoa.

Kifungua


Nyumbani
20 Machi

Dada,

Kumbe kiswahili changu ndicho kilichonisaliti. Haya.

Mwezi uliopita Mama alianguka. Alikuwa juu ya ngazi, akasema naona giza, akakaa chini kwenye kidato kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, kisha akateleza mpaka sakafuni. Mwiko haukumtoka mkononi. Tulimpeleka kwa daktari na mwiko wake. Presha, dada, na iko juu sana. Mama aliambiwa apumzike. Mimi niliitwa pembeni nikaambiwa zaidi: akiendelea kusimama kwenye ule mvuke, siku moja ataanguka na hatutamwinua. Hilo Mama halijui, na nimeapa hatalijua.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha tanuri la watu ukaja mbio, na Mama angeniua mimi kabla ya presha kumuua yeye. Alinikanya kabisa. Anasema wewe ndiye mwanawe aliyetoka, asikusikie umerudi kwa ajili ya kuanguka kwa mtu mzima. Nimelia nikiandika hapa, sikufichi, lakini nimenawa uso na naendelea.

Basi unaelewa sasa. Kiti nilikileta mimi, kile chenye mto, nikakiweka dirishani. Hajakikalia hata mara moja. Anatundika aproni yake juu yake. Hakuna daktari wala mchungaji wa kumshusha Mama kwenye ile ngazi. Sharti lake ulilisikia. Peremende ndiyo itakayomshusha. Nipe hizo namba.

Na uangalie unavyoandika. Dereva anamkabidhi Mama barua kwanza, naye anazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kunipa. Yale ya ugonjwa andika kwa kinyume, kama tulivyokuwa tunasema utotoni mbele yake: unachukua silabi ya mwisho unaiweka mbele, sukari inakuwa risuka, naye anabaki anatukodolea macho. Unakumbuka? Tulimsema mchana kutwa na hakuambulia kitu.

Kitinda


Kiwanda cha vigae
27 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Mama keasishi komwi. Mama ndeasipa zinga. Na wewe zemuuli ridakta kuhusu wada. Umenielewa.

Nimekaa na barua yako kwenye ukuta wa tanuri mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, na sitafiwa. Nimekasirika nawe, nitakukasirikia vizuri tukionana. Sasa tufanye kazi.

Kisanduku kirudishe kwanza kwenye hali yake ya kiwandani, bonyeza kitufe cha kushoto mpaka kioo kipepese. Hapo kitakuwa kimesahau kila kitu. Kisha ingiza lengo, halafu akili zote tatu.

Uwiano: 12.
Kinyongo: 240. Hizi ni sekunde. Namba ikiwa kubwa, Kinyongo kinakuwa mpole na cha polepole. Ikiwa ndogo, kinakuwa kichaa.
Hofu: 60.

Hofu ndiyo ya tatu, hujawahi kukutana nayo. Haijali joto liko wapi, inatazama linakimbilia wapi. Ikiona sukari inapanda mbio, inashika breki mapema, hata kama lengo bado. Kinyongo bila Hofu kinapitiliza, kwa sababu kilichowekwa moyoni hakiishi papo hapo. Ukiviweka vyote vitatu pamoja na kila kimoja kwa kiasi chake, sufuria itapanda, itainama kidogo, itakaa. Nimefanya hivi kwa matanuri makubwa kuliko nyumba yetu. Sufuria ya peremende hainishindi.

Na mwisho kabisa, hili ni muhimu kuliko yote, nalipigia mstari: kinyume! Usisahau. Ukisahau hilo, mengine yote ni kazi bure.

Dada yako,
Kifungua


Nyumbani
4 Aprili

Dada,

Mama asishike mwiko, Mama asipande ngazi, nimuulize daktari kuhusu dawa. Nimesoma, nimeuliza, dawa zimeongezwa. Hayo ndiyo mazuri, yanaishia hapo.

Nilifanya ulivyosema, herufi kwa herufi. Nilikirudisha kiwandani, nikaingiza lengo, nikaingiza namba zako kwa kinyume, ya mwisho mbele, kama ulivyonikumbusha na kupigia mstari. Nilikusifu hata, nikasema dada yangu ana akili, amezificha na namba ili Mama asizijue. Uwiano 21. Kinyongo 024. Hofu 06. Lengo peke yake niliacha wima, maana 814 hata huko kwa wenye dhambi haipikwi peremende.

Dada, kile kisanduku kiliingiwa na pepo. Kilipanda, kikaifikia 148, kikaipita kama hakikuiona. 155. 163. Nikapiga kelele. Kikashuka mpaka 139, kikapanda tena. Sukari ikawa ya manjano, ikawa ya kahawia, ikawa nyeusi. Moshi ulijaa mpaka akina dada wakatoka nje na meza zao. Sufuria nzima imemwagwa nyuma ya karakana, imekuwa jiwe. Paka alikanyaga akabaki amesimama pale, ikabidi tumng'oe kwa maji ya vuguvugu na maneno mazuri.

Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitoa aproni kwenye kile kiti, akaifunga, akasema, "Zima hicho kitu, baba yenu hakuniachia sufuria ili ichezewe." Akapanda ngazi. Yuko juu mpaka leo. Nasikia anavyohema nikiwa chumba cha pili, dada. Nikisimama chini ya ngazi ananiuliza kama mimi ni kijiti cha kumwegemeza.

Mimi sijui nilikosea wapi. Nilikufuata neno kwa neno.

Kitinda


Kiwanda cha vigae
9 Aprili

Kitinda,

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikafika pale Mama anapopanda ngazi na kicheko kikakata. Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, basi litunze.

Hukukosea peke yako. Sikiliza.

Kinyume nilichokisema si kinyume chetu. Ni jina la tendo. Kwenye kisanduku kuna ukurasa unauliza tendo liwe lipi, na majibu ni mawili. Kwenye friji, joto likipanda, nguvu ya kupoza nayo inapanda. Vinakwenda pamoja, wanaita tendo la moja kwa moja. Kwenye sufuria ya kupasha, joto likipanda, nguvu lazima ishuke. Kimoja juu, kingine chini. Hilo ndilo wanaloliita tendo la kinyume. Nilihofia kwamba ukikirudisha kiwandani kitarudi na akili za friji, ukae siku nzima unaitazama sukari baridi. Nimekitazama kingine cha aina hiyo hapa leo: kinatoka kiwandani tayari kiko kinyume. Nilipiga mstari chini ya kitu ambacho hakikuhitaji hata kutajwa, na mstari huo ndio uliounguza sukari. Mafundi kumi wangesoma neno lile na wote wangeelewa ukurasa wa tendo. Ni wewe tu duniani ungeelewa ulivyoelewa, na ni kwa sababu yangu.

Umeona ulichokifanya? Kinyongo ulikipa sekunde 24 badala ya 240, ukakifanya kichaa, na Hofu ukainyima macho. Kinalipiza kila kitu papo hapo na hakuna wa kukishika shati. Usiogope kisanduku. Kilifanya ulichokiambia.

Sasa rudia, na namba zote ziwe wima. Uwiano 12. Kinyongo 240. Hofu 60. Ukurasa wa tendo uache ulivyo. Ukimimina sukari mpya ya baridi, subiri ifike 130 kwa uwiano peke yake ndipo uwashe Kinyongo. Ukikiwasha mapema kitakuwa kimeshajaza moyo kabla ya safari kuanza.

Mama akikukatalia, usibishane naye. Mwombe sufuria moja tu, ile ndogo ya majaribio, na umwambie nimeomba mimi. Hajawahi kunikatalia kitu nilichokiomba kwa barua.

Kitinda, unaweza. Sisemi kukufariji. Waya zile nne ulizifunga vizuri kuliko nilivyofunga za kwanza zangu.

Kifungua


Nyumbani
18 Aprili

Dada Kifungua,

Shikamoo, na leo mimi ndiye niliyesimama.

Nilimwomba sufuria ndogo. Akasema, "Amekutuma?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Alishuka ngazi, akavuta ndoo akaipindua, akakaa juu ya ndoo. Kiti kile pale, dada, hatua mbili, na yeye akakaa juu ya ndoo.

Nilingoja 130. Nikawasha Kinyongo, nikawasha Hofu, nikarudi nyuma mikono nimeiweka mgongoni nisije nikagusa kitu. 140. 144, pale penye kiti cha mgeni, nikashika pumzi, kikapita. 147. Hapo nikaona Hofu inafanya kazi, nguvu ikaanza kushuka wakati joto bado linapanda, na nilitaka kumwita mtu aone lakini aliyekuwepo ni Mama tu. 149. Nikasema moyoni tumekwisha. Kikarudi 148, kikakaa. Kilikaa, dada! Sukari ilikuwa inachemka bila kelele na rangi yake ilikuwa ya maji. Hakuna aliyeigusa kwa mwiko.

Tulimwaga, tukakata, tukaacha ipoe, na akina dada walikuja na kusimama mlangoni wamenyamaza, jambo ambalo hawajawahi kulifanya tangu waajiriwe. Mama akachukua moja. Akaiweka mdomoni akafumba macho. Hakutafuna. Alikaa hivyo mpaka ikaisha yote.

Kisha akafumbua macho, akasema, "Si yangu."

Basi. Hakusema mbaya, hakusema nzuri. Akachukua ya pili akaitia mfukoni. Akaomba karatasi na kalamu, akaingia chumbani akafunga mlango. Sijui anamwandikia nani. Mimi nipo hapa chini ya ngazi na sijui kama tumeshinda au tumeshindwa. Sharti lilikuwa ashindwe kusema si yake, na amesema.

Dereva anapiga honi, nafunga hapa. Nitakupa habari nikizipata.

Kitinda


Nyumbani
18 Aprili

Kifungua mwanangu,

Marahaba zako zote, za kusimama na za kukaa, nimezipokea. Barua hii inasafiri kwenye lori moja na ya mdogo wako, ila yeye hajui. Dereva ananiheshimu.

Barua zenu nimezisoma zote, zilizokuja na zilizokwenda. Mnazifunga bahasha kwa mate, na mimi nina sufuria inayotoa mvuke kutwa nzima. Bahasha ikipitishwa pale juu inafunguka yenyewe. Kwa hiyo lile la daktari nalijua, msiendelee kujitesa kulibeba. Nililijua nikapanda ngazi vile vile. Mngeniuliza ningewaambia kwa nini. Sikuogopa kuanguka. Niliogopa kuwa mtu wa kuletewa chai dirishani, anayeulizwa kama amelala vizuri. Sufuria ile ilinifanya niwe mtu baada ya baba yenu kuondoka, na nilidhani nikishuka nitashuka moja kwa moja.

Na kinyume chenu. Mlipokianza mlikuwa wadogo, mmoja hana meno ya mbele, nami nilikaa wiki nzima nikiwasikiliza. Kila neno mlilipindua likapotea. Sukari ikawa risuka, kiti kikawa tiki. Neno moja tu liliwashinda. Chukua ma ya mwisho uiweke mbele, ni mama. Kila mliponisema nililisikia, nikajua hapo nasemwa, nikatega sikio, na yaliyobaki nikayapindua mwenyewe polepole nikikoroga. Sikuwaambia kwa sababu si yote yalikuwa mabaya. Mengine mlikuwa mnayasema kwa kinyume kwa aibu tu, na nisingeyasikia kwa njia nyingine.

Nimeionja peremende yenu. Yangu ina uchungu mdogo mwishoni, wa sukari ya pembeni iliyoungua kabla mkono wangu haujaifikia. Watu wameuzoea wanadhani ndiyo ladha. Hii haina. Nilisema nitakaa siku nitakayoshindwa kusema si yangu. Sikushindwa. Si yangu, ni yenu. Ndiyo maana nimekaa, na barua hii naiandikia kwenye kile kiti chenye mto, nimekivutia chumbani mdogo wako alipokuwa ameinamia karatasi yake. Mto wenyewe ni mgumu, mwambie mdogo wako, mimi nitamwambia baadaye.

Kesho asubuhi nitamkabidhi Kitinda aproni. Kisanduku kibaki na lengo langu, 148, hilo msiligeuze kwa lugha yoyote.

Tanuri la watu likishapokelewa, njoo. Fulana yako nimeifua na sikutumii, utaichukua mwenyewe.

Mama

(Lisome kinyume ukitaka.)